Matundu matatu hayatoshi kuihukumu risasi iliyopakiwa kwa mkono

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wa michezo wa toleo la hivi karibuni mlichapisha makala ya mlengaji shabaha aliyeeleza jinsi alivyoitafutia raifoli yake ya kaliba ndogo risasi iliyo sahihi kuliko zote, kwa kuzipakia mwenyewe kwa mkono. Alijaribu viwango vitano vya baruti, akapiga risasi tatu kwa kila kiwango katika umbali wa mita 100, akapata makundi manne ya matundu yenye upana wa karibu milimita 20 na moja lenye upana wa milimita 9, na papo hapo akakata kauli kwamba kiwango kilicholeta milimita 9 ndicho bunduki yake inachokipenda. Makala iliandikwa vizuri, na furaha ya mwandishi ilinigusa kwa sababu naijua: nimepakia risasi zangu kwa zaidi ya miaka 20, na siku hizi nawafundisha wengine. Hata hivyo naomba nafasi niseme kwamba alichokithibitisha ni kidogo mno kuliko alichodai, kwamba kosa hilo tumelifanya karibu sote tulioingia katika kazi hii, na kwamba kukichapisha kiwango kile cha baruti, kwa jina la baruti na uzito wake kamili, kunaweza kumletea madhara msomaji asiyejua.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajawahi kuigusa kazi hii, risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki iliyo katikati ya kitako chake, baruti iliyomo ndani, na kichwa kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Ikishapigwa, ganda hubaki, na ganda hilo likikaguliwa vizuri linaweza kutumika tena mara nyingi. Mpakiaji hutoa fataki iliyokwisha kuwaka, hulirudisha ganda katika umbo lake kwa kulibana ndani ya kifaa cha chuma, hulikata likiwa limerefuka, hutia fataki mpya, hupima baruti kwa mizani na hukalisha kichwa kipya kwa kina anachokitaka. Uhuru wake wote umo katika kuchagua na kupima. Anachagua kichwa, aina ya baruti na kiasi chake, fataki, ganda na kina cha kukalisha, na mkusanyiko huo ndio ninaouita mchanganyiko katika barua hii. Kutafuta mchanganyiko unaoifaa raifoli fulani ndiko kunakoitwa kutengeneza risasi sahihi, na swali langu ni moja tu: mtu anajuaje kwamba ameupata?

Anapiga kundi, halafu anapima kwa kalipa, yaani kifaa cha kupimia upana, umbali kati ya vitovu vya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Kipimo hicho ni rahisi, na ndiyo maana kinapendwa, lakini kina udhaifu ambao watu wengi hawaufikirii, kwamba kati ya matundu yote yaliyopigwa kinatumia mawili tu, tena yale mabaya kuliko yote, na kwamba hukua kadiri risasi zinavyoongezeka, hata kama bunduki na mpigaji hawajabadilika hata kidogo. Hesabu za mtawanyiko zinaonyesha kwamba bunduki ambayo makundi yake ya risasi tatu yana wastani wa milimita 15 itakuwa na wastani wa takriban milimita 19 kwa makundi ya risasi tano, na karibu milimita 24 kwa makundi ya risasi kumi. Kwa hiyo mtu anayesema bunduki yake hupiga milimita 15, asiseme ni kwa risasi ngapi, hajaniambia kitu ninachoweza kukilinganisha na cha mwingine.

Udhaifu wa pili ndio uliomnasa mwandishi wenu. Makundi ya risasi tatu huyumba sana yenyewe kwa yenyewe. Ikiwa wastani wake ni milimita 18, si ajabu hata kidogo kuona moja la milimita 11 na jingine la milimita 25 kutoka katika risasi zilizopakiwa sawasawa, siku hiyo hiyo, na mikono ile ile. Tena mtu akipiga makundi matano ya namna hiyo bila kubadilisha chochote, lililo dogo kuliko yote kwa kawaida litakuwa la karibu milimita 10. Sasa yatazameni tena matokeo yaliyochapishwa: manne ya karibu milimita 20 na moja la milimita 9, ambayo wastani wake haufiki milimita 18. Hayo ndiyo matokeo ambayo ningeyatarajia kama viwango vyote vitano vya baruti vingekuwa kiwango kimoja. Sisemi kwamba vilikuwa sawa, kwa kuwa huenda kimojawapo ni bora kweli, lakini risasi tatu tatu haziwezi kutuambia ni kipi.

Jambo hili sikuliamini kwa kulisoma, hata nilipolipigia hesabu mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Nililiamini nilipolifanya. Nilipakia risasi 30 za mchanganyiko mmoja, maganda ya toleo moja yaliyopigwa idadi sawa ya mara, kila baruti ikiwa imepimwa mara mbili kwenye mizani, na kila kichwa kikiwa kimekalishwa kwa kina kile kile. Nikachora duara kumi kwenye karatasi ya shabaha na kupiga risasi tatu kwa kila duara, bunduki ikiwa juu ya mifuko ya mchanga, nikingoja mtutu upoe baada ya kila kundi, na vibendera vya upepo vikiwa vimelala. Kundi dogo kuliko yote lilikuwa la milimita 8, matundu yake matatu yakiwa yameshikana hadi yakafanana na jani moja lenye vipande vitatu, na kubwa kuliko yote lilikuwa la milimita 24, matundu yakiwa yametengana kiasi cha kumfanya kijana aliyekuwa karibu nami aulize kama mkono wangu ulitetemeka. Mkono haukutetemeka. Baadaye niliweka karatasi nyembamba juu ya kila duara, nikahamisha matundu yote 30 kwenye picha moja, vitovu vya kulengea vikiwa vimepandana, na nikapata wingu moja la duara lenye upana wa milimita 29, zito katikati na jepesi pembeni, ambalo hakuna tundu hata moja ndani yake ningeweza kulinyooshea kidole na kusema hili si la familia hii.

Niliitazama picha ile kwa muda mrefu. Kama siku hiyo ningekuwa nimeandika viwango kumi tofauti vya baruti chini ya yale maduara kumi, ningetoka uwanjani na hadithi kamili: kwamba baruti ilipoongezwa kidogo bunduki ilitulia, ilipoongezwa zaidi ikachafuka, kisha ikatulia tena. Ningeisimulia kwa miaka. Na kusema kweli niliwahi kuzisimulia hadithi za namna hiyo, kwa sababu madaftari yangu ya mwanzo yamejaa viwango nilivyovitupa kwa kundi moja baya na viwango nilivyovishikilia kwa kundi moja zuri, na ninapoyapitia leo naona nilivyomaliza vichwa na fataki nyingi kwa kuifuata bahati.

Kuna jambo jingine linalolizidisha kosa hili, nalo ni desturi ya kuitupa risasi iliyopotoka. Mlengaji anapiga tano, nne zinashikana, ya tano inatoka nje, naye anaiandika kwenye daftari kama kosa lake na kulipima kundi kwa zile nne. Mimi nawaambia wanafunzi wangu kwamba risasi huondolewa kwenye hesabu pale tu mpigaji alipotamka, kabla ya kuangalia shabaha kwa darubini, kwamba aliivuta vibaya. Akiangalia kwanza ndipo akumbuke kwamba alitikisika, risasi hiyo inahesabiwa. Wapo wanaoniona mkali kwa hilo, lakini daftari ambalo mabaya yote yamefutwa haliwezi kumsaidia mwenye nalo siku atakapohitaji kujua risasi yake ya kwanza itaangukia wapi.

Waliouanzisha na kuukuza mchezo wa kulenga kutoka mezani kwa usahihi wa hali ya juu walilijua jambo hili zamani. Mike Walker wa kampuni ya Remington nchini Marekani alibuni risasi ya .222 Remington, iliyotoka mwaka 1950, na risasi hiyo ndogo ilitawala mashindano hayo kwa zaidi ya miaka 20, mpaka risasi ya 6 PPC ya Louis Palmisano na Ferris Pindell, iliyobuniwa katikati ya miaka ya 1970, ilipochukua nafasi yake. Katika mashindano hayo mshindi hapatikani kwa kundi moja la risasi tatu. Hupatikana kwa wastani wa makundi kadhaa, kwa kawaida makundi matano ya risasi tano tano, yaani risasi 25, na kila tundu huhesabiwa. Watu wenye mitutu bora kuliko yote na mikono iliyozoea wanadaiana risasi 25, ilhali sisi tunaridhika na tatu.

Msomaji anaweza kuuliza kama basi hakuna haja ya kupima baruti kwa uangalifu. Haja ipo, ila lazima tujue kila jambo lina uzito gani. Tuchukue ganda dogo linalobeba takriban gramu moja na nusu ya baruti. Wapakiaji wengi hupima kwa greni, na sehemu moja ya kumi ya greni ni miligramu 6.5, ambayo katika ganda kama hilo haifiki nusu ya asilimia moja. Mabadiliko madogo kama hayo hubadilisha kasi ya kichwa kwa takriban mita 3 kwa sekunde. Kichwa kinachotoka kwa kasi ya mita 850 kwa sekunde hufika mita 100 baada ya sekunde 0.12 hivi, na kwa muda huo kinakuwa kimeshuka chini ya mstari wa mtutu kwa karibu milimita 75 tu, kwa hiyo tofauti ya mita 3 kwa sekunde huhamisha tundu kwa nusu milimita. Hata tofauti ya mita 10 kwa sekunde huhamisha tundu kwa kama milimita 2 katika umbali huo. Katika mita 300 mambo hubadilika, kwa kuwa tofauti hiyo hiyo ya mita 10 itazitenganisha risasi juu na chini kwa milimita 20 au zaidi, na hapo mlengaji ana sababu nzuri ya kukesha na mizani yake. Lakini kwa mita 100 haiwezekani kwamba sehemu moja ya kumi ya greni, kwa njia ya kasi pekee, ililitoa kundi kwenye milimita 20 na kulifikisha kwenye milimita 9.

Najua jibu litakalotolewa. Wapo wanaosema kwamba mtutu hutetemeka risasi inapopita, na kwamba kiwango sahihi cha baruti hukitoa kichwa mdomoni wakati mtetemo umetulia. Sikanushi kwamba mtutu hutetemeka. Chuma chochote kinachopigwa hutetemeka. Ninachosema ni kwamba mwenye kudai kuwa ameiona athari hiyo anapaswa kuionyesha kwa risasi za kutosha, airudie siku nyingine, na iwe bado ipo. Hali ni hiyo hiyo kwa wale wanaopiga risasi moja moja kwa kila kiwango juu ya kipimakasi na kutafuta mahali ambapo kasi haikupanda. Risasi moja haina wastani. Hata mchepuko wa kasi, yaani kipimo cha jinsi kasi zinavyotawanyika kuzunguka wastani, uliokokotolewa kwa risasi tano haupaswi kuaminiwa sana, maana thamani yake ya kweli inaweza kuwa sehemu sita za kumi za kile kilichoonekana au karibu mara tatu yake. Ukipiga 20, mipaka hiyo hubana mpaka takriban robo tatu upande wa chini na mara moja na nusu upande wa juu, na hapo ndipo mtu anaweza kuanza kulinganisha mchanganyiko mmoja na mwingine.

Kwa maoni yangu, mwenye raifoli ya kaliba ndogo atapata faida kubwa zaidi akianzia kwenye mtutu na kichwa. Franklin Mann, daktari wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuujaribu mwendo wa risasi na kuyachapisha matokeo yake mwaka 1909, alionyesha kwamba kuharibika kwa kitako cha kichwa hukipotosha zaidi kuliko kuharibika kwa ncha, jambo linalowashangaza wanafunzi wangu kila mara kwa sababu macho yao hukimbilia ncha. Kichwa ambacho uzito wake haukukaa sawasawa kuzunguka mhimili wake kitapotoka hata kikisukumwa na baruti iliyopimwa chembe kwa chembe. Kwa hiyo toleo la vichwa likionekana zuri, nunua ya kutosha ya toleo hilo hilo.

Kisha kuna msokoto wa mifuo ndani ya mtutu, yaani mifereji inayokizungusha kichwa ili kiruke kikiwa kimenyooka, ambao hauna huruma kwa anayeupuuza. George Greenhill, mwanahisabati wa Uingereza, alitoa kanuni yake mwaka 1879, nayo bado inafaa kama makadirio ya kwanza: zidisha 150 kwa kipenyo cha kichwa, zidisha tena kwa kipenyo hicho hicho, kisha gawanya kwa urefu wa kichwa. Kwa kichwa chenye kipenyo cha milimita 5.69, ambacho ndicho cha .222 na .223 Remington, urefu ukiwa milimita 19, jibu ni kwamba mfuo mmoja uzunguke mara moja katika takriban milimita 256. Kichwa kikirefushwa hadi milimita 25, jibu hushuka hadi milimita 194. Mitutu mingi ya zamani ya .222 huzunguka mara moja katika inchi 14, yaani karibu milimita 356, kwa hiyo imeumbwa kwa vichwa vifupi, na mwenye nayo akitia kichwa kirefu na chembamba kwa sababu amesikia kinakata upepo vizuri, atayaona matundu marefu ya ubavu kwenye karatasi, dalili kwamba kichwa kilifika kimelala. Hapo kuongeza au kupunguza baruti hakutamponya. Nimemwona mtu akihangaika miezi mitatu na viwango vya baruti kwa tatizo ambalo rula na hesabu ya dakika moja vingelimaliza.

Ganda nalo lina haki yake. Limetengenezwa kwa aloi ya takriban asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki, na aloi hiyo huwa ngumu kila inapopanuliwa na kubanwa, hivyo shingo iliyopigwa na kubanwa mara nyingi hukishika kichwa kwa nguvu isiyo sawa na ya jirani yake, na mwishowe hupasuka. Aliyezoea hulihisi jambo hilo kwenye mkono wa mashine anapokalisha kichwa: kimoja huingia laini kama kisu kwenye siagi, kinachofuata husita, kisha hutumbukia. Ndiyo sababu shingo hulainishwa kwa moto kila baada ya muda, kitako kikilindwa kabisa kisipate joto, kwa kuwa kitako laini ni hatari kwa mpigaji. Mambo mengine ya ganda, kama kusawazisha urefu na kusafisha tundu la fataki, ni ya lazima lakini hayana siri.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike badala ya kunyamaza. Kiwango cha baruti kilichochapishwa katika ukurasa wenu kilikuwa, kwa maelezo ya mwandishi mwenyewe, karibu na ukomo. Yeye alikifikia kwa kupanda hatua kwa hatua, lakini msomaji atakichukua moja kwa moja. Ganda dogo halisamehi: nafasi yake ya ndani ni finyu, na shinikizo hupanda kwa kasi kuliko baruti inavyoongezwa. Kwa .223 Remington, ukomo uliowekwa na CIP, tume ya kimataifa iliyoundwa mwaka 1914, ni bari 4300, na shinikizo hilo hupimwa kwa mitutu maalumu ya maabara ambayo hakuna mpakiaji wa nyumbani aliye nayo. Kiwango kile kile cha baruti kikihamishiwa kwenye ganda lenye kuta nene zaidi, au kwenye fataki kali zaidi, au kwenye kichwa kinachogusa mwanzo wa mifuo kabla hakijapigwa, shinikizo linaweza kuvuka ukomo huo bila mizani kuonyesha tofauti yoyote. Hata baruti ya jina moja hutofautiana kidogo toleo kwa toleo. Ndiyo maana desturi ya kazi hii ni kuchukua viwango kutoka katika jedwali la watengenezaji wa baruti au vichwa, kuanza asilimia 10 chini ya ukomo, na kurudi chini kila sehemu moja ya mchanganyiko inapobadilika.

Mimi mwenyewe nilijifunza hilo kwa njia ambayo nisingependa mwingine aipitie. Nilikuwa nimeutengeneza mchanganyiko wangu katika majira ya baridi, ukawa mzuri, nikapakia risasi 50. Miezi kadhaa baadaye nilizipeleka uwanjani siku ya jua kali, nikaliacha sanduku wazi mezani, na baada ya kupiga kadhaa mfululizo nikaiacha risasi moja ndani ya chemba yenye moto huku nikingoja upepo utulie. Nilipoipiga, mshindo ulikuwa mkavu zaidi kuliko kawaida, na komeo likakataa kuinuka. Nililifungua kwa kupiga mkono wake na kiganja mara mbili. Ganda lilipotoka, fataki ilikuwa imetandazika mpaka imeijaza nafasi yake yote, ukingo wake wa mviringo haupo tena, na kwenye kitako palikuwa na alama ndogo ya duara inayong'aa, mahali ambapo metali ilisukumwa ndani ya tundu la kitupaganda. Hakuna aliyeumia. Niliifunga bunduki, nikarudi nyumbani, na nikazing'oa vichwa risasi zote zilizobaki moja baada ya nyingine, nikimwaga baruti katika chombo kilichoandikwa jina lake. Dalili zile huja kwa kuchelewa: wakati fataki inapotandazika na komeo linapokuwa zito, ukomo umekwisha kupitwa, na zipo bunduki ambazo huupita bila kuonyesha dalili yoyote.

Ukiyaweka mambo haya mawili pamoja, Ndugu Mhariri, utaona kwa nini nimeyaandika katika barua moja. Mtu anayeamini kwamba kundi moja la milimita 9 limemwonyesha kiwango cha pekee ambacho bunduki yake inakipenda atakishikilia hata kikiwa karibu na ukomo, na atakiona kiwango cha chini chenye kundi la milimita 18 kuwa kibovu. Lakini anayepiga risasi 20 kwa kila kimojawapo mara nyingi atakuta mawingu mawili yanayolingana, na akiyaona hayo hana sababu yoyote ya kukaa juu. Mimi sasa napakia chini kabisa ya ukomo kwa raifoli zangu zote ndogo. Maganda yangu yanadumu, komeo linainuka kwa kidole kimoja, na shabaha zangu hazijaharibika.

Kwa hiyo naomba mambo machache kwa wahariri wa ukurasa wa michezo. Mwandishi anapotoa upana wa kundi, atakiwe kusema ni la risasi ngapi, makundi mangapi yalipigwa, kwa umbali gani, na kama kuna risasi yoyote iliyoachwa nje ya hesabu. Akidai kwamba mchanganyiko mmoja ni bora kuliko mwingine, atoe angalau risasi 20 za kila mmoja, zilizopigwa kwa kupokezana ili upepo na joto la mtutu visimpendelee mmoja. Na uzito wa baruti usichapishwe kabisa. Aelekezwe msomaji kwenye jedwali la mtengenezaji, ambalo limepimwa kwa vyombo tusivyokuwa navyo. Kwa kiwango kile kilichokwisha kuchapishwa, ningeshukuru mkitoa taarifa fupi katika toleo lijalo, mahali pale pale kilipotokea, ya kuwaonya wasomaji wasianze nacho.

Pamoja na barua hii nimeambatisha nakala ya karatasi yenye yale makundi kumi na ile picha ya matundu 30 yaliyounganishwa, kila moja ikiwa na kipimo chake kwa milimita. Mkiwa na nafasi, zichapisheni zote mbili bega kwa bega, bila kuandika chochote chini yake zaidi ya kwamba risasi zote zilikuwa za mchanganyiko mmoja.

Wako katika ulengaji shabaha,
Msomaji wenu wa siku nyingi